Kutengeneza ao Kubadilisha? Mawazo juu ya Motokari ya Baba

Katika kitabu hiki cha mila na desturi zetu, wengine wanaandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina ya watoto. Mimi nimechagua kuandika juu ya motokari iliyozeeka. Usicheke kwanza. Kujua kama kitu kilichozeeka kitengenezwe ao kibadilishwe ni swali la kila nyumba ya Lubumbashi: juu ya radio, juu ya frigo, juu ya mabati ya nyumba, juu ya viatu vya mtoto. Wazee wetu walilijibu mbele yetu, kwa jembe na kwa tanuru ya shaba. Lakini kwa motokari swali linakuwa kali zaidi, kwa sababu motokari mbaya inaweza kuua mtu asiyekuwa na neno nayo, mtu anayepita tu na njia yake.

Nitaeleza kwanza namna swali hili lilinipata mimi mwenyewe. Halafu tutaangalia wazee walifanya nini, motokari zetu zinatoka wapi, na mwisho nitasema ninachoamini. Wewe utapima.

1. Namna swali lilinipata

Baba aliingia kazini Gécamines mwaka 1972. Wasomaji wa umri wangu wanajua neno "kazi" lilikuwa na uzito gani katika nyumba zile: unga wa kila mwezi, masomo ya watoto, munganga. Watu walikuwa wakisema: "Kazi njo baba, njo mama." Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kupokea malipo ya mwisho. Baba alikuwa mmoja wao. Kuna waliojenga nyumba, kuna walionunua mashini ya kusaga mahindi, kuna ambao falanga zilikwisha mbele hawajajua zimepita wapi. Baba alifanya mambo mawili: alilipa mwaka wangu wa mwisho katika Institut Supérieur Pédagogique, na alinunua Toyota Corolla ya okazio, nyeupe, volani upande wa kuume, iliyoingia kwa njia ya Kasumbalesa.

Alifanya nayo taksi kati ya Kenya na mjini. Kila asubuhi alipangusa kioo kwa kitambaa kile kile. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, alimwambia: "Polepole, munduku yangu. Hii njo miaka yangu makumi tatu na moya." Hakusema kwa mchezo. Miaka yake 31 ya kazi ilikuwa imegeuka kuwa kile chuma, na alikuwa anaiendesha.

Baba alikufa mwaka 2012, na mimi nikakamata ufunguo. Mwalimu wa sekondari anaishi kwa mshahara mdogo na prime ya wazazi. Kwake motokari ni msaidizi na ni mdai pia. Mwaka wa kwanza ilikula rotili na amortisere. Mwaka wa pili, bwati ya vitesi. Kila mara nilitengeneza, na kila mara Mama alifurahi kama vile mgonjwa wa nyumba amepona.

Mwaka 2016, freni ya nyuma ya upande wa kushoto ikaanza kuvuja. Fundi alitosha gurudumu, akaangalia, akainuka.

— Mwalimu, silendri imekufa. Ya mupya iko, lakini iko bei nguvu. Ya okazio iko pia, lakini siwezi kukudanganya, sijue itamaliza siku ngapi.

— Mwezi haujaisha, fundi. Sasa tufanye nini?

— Tufinye tiyo ya kule nyuma, mafuta yasipite tena. Utabakia na freni tatu. Bantu mingi banatembea vile.

Nilikubali. Lile neno "bantu mingi banatembea vile" lilinituliza, kama vile wingi wa watu ungekuwa freni ya nne.

Nilitembea hivyo wiki tatu. Kila asubuhi niliongeza mafuta ya freni kidogo, nikijua kwamba mafuta yakipunguka kuna mahali yanapotokea. Siku moja, kwenye barabara ya Kasapa, saa ya watoto kutoka masomo, pedali ikazama mpaka chini. Nilivuta freni ya mkono, nikaipeleka motokari kwenye lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Hakuumia mtu. Lakini kitambo kidogo sana mbele ya pale, msichana mmoja, shati nyeupe na jipa ya bluu, alikuwa amepita pale pale na vitabu vyake kifuani. Aligeuka kwa kelele ya mchanga, akanitambua, akasema: "Jambo, Mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Aliendelea na njia yake. Yeye hakujua kitu. Mimi nilijua.

Jioni ile tulikaa nyumbani kuzungumza. Mama alisema: "Itengeneze, mwana yangu. Ile motokari ni baba yako." Mdogo wangu alisema: "Yaya, tuuzishe, tununue ingine. Hii inatula." Mjomba alisema kwamba vyote viwili ni vizuri ikiwa falanga iko. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna aliyetaja yule msichana, kwa sababu sikuwa nimewaambia.

2. Wazee walifanya nini?

Tunapenda kusema kwamba wazee hawakutupa kitu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Tuangalie jembe. Jembe likichakaa lilirudi kwa mhunzi. Aliliingiza motoni, akalipiga, likatoka jembe dogo, ao kisu. Chuma hakikutupwa. Lakini angalia vizuri: mhunzi hakumrudishia mtu jembe bovu lililofungwa kamba. Kama halikuweza tena kulima, alilipa kazi ingine.

Tuangalie shaba, mali ya nchi yetu. Mbele ya kampani kufika, watu wa Katanga walichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu. Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkubwa wa misioni ya Wabenedikto katika Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi wale, ambao waliitwa "walaji wa shaba". Misalaba ya shaba waliyotengeneza ilikuwa mali ya biashara na ya mahari, na inaweza kuyeyushwa tena ikawa waya ao bangili. Tanuru yenyewe ilikuwa ya udongo. Ikipasuka, hakuna aliyeililia: kichuguu kingine kiko karibu. Kilicholindwa kutoka baba mpaka mtoto ni ujuzi wa kujenga tanuru na kupima moto.

Basi wazee walijua kutengeneza na walijua pia kuacha. Kiswahili kimetunza sauti zote mbili. Mmoja anasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwingine anajibu: la kuvunda halina ubani, kitu kikishaoza, hata ukikifukizia uvumba, kitanuka tu. Na wa tatu anatucheka: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mithali hazipigani. Kila moja ina siku yake, na akili ni kujua leo ni siku ya ipi.

Lakini desturi iliyonisaidia zaidi haikuwa ya vitu, ilikuwa ya watu. Ni kupyana. Waluba, Wabemba na makabila mengine ya kwetu wanajua neno hili ao ndugu zake: mtu akifa, mwingine anachaguliwa kukamata nafasi yake. Kwa Walunda wa Luapula, kila mfalme anayeingia anaitwa Kazembe, na ndugu wa yule wa kwanza wanakuwa ndugu zake. Bunkeya pia, jina la Mwenda Msiri, aliyeuawa Desemba 1891, liliendelea kubebwa na waliomfuata. Mtu anabadilika, kiti hakibadiliki.

Sasa tujiulize: anayepyana anapokea nini? Hapokei mwili wa marehemu. Mwili tunauzika, tena upesi, na hakuna mtoto mwenye heshima anayeuweka nyumbani eti kwa sababu anampenda baba yake. Anayepyana anapokea kazi: kutunza wajane, kulipa madeni, kulea watoto, kutatua maneno ya jamaa. Na wazee wanamwangalia kwanza kama anaweza. Akiwa mlevi ao mwivi, hata kama ni mzaliwa wa kwanza, wanamtafuta mwingine.

Nilipofika hapa na mawazo yangu, neno la Mama, "ile motokari ni baba yako", likaanza kunionyesha mlango mwingine.

3. Je, ilikuwa bado motokari ile ile?

Kwa wale waliosoma filozofia, kuna kisa cha zamani cha Wagiriki. Plutarque anaeleza kwamba watu wa Athènes walitunza merikebu ya Thésée, shujaa wao. Ubao ukioza, waliweka ubao mpya. Wenye hekima wakagawanyika: wengine walisema ni merikebu ile ile, wengine walisema sivyo tena. Katika karne ya 17, Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza swali: kama mtu angeokota mbao zote za zamani na kuunda nazo merikebu ya pili, ya kweli ingekuwa ipi?

Huko Athènes lilikuwa swali la wenye hekima. Kwetu ni swali la garaji. Corolla ya Baba ilikuwa imebadilishwa moteri mwaka 2008, Baba mwenyewe akiwa mzima. Bwati ya vitesi ilitoka kwa Corolla ingine. Mlango wa nyuma ulikuwa wa bluu mbele haujapakwa rangi. Piesi ambazo Baba alizigusa siku ya kwanza zilikuwa zimebakia chache: shasi, volani, na viti viwili vya mbele.

Kama kumbukumbu ya Baba ilikuwa ndani ya chuma, basi ilikuwa imekwisha kuuzwa nusu-nusu kwa miaka 12, na hakuna aliyelia. Kwa hiyo haikuwa ndani ya chuma. Ilikuwa wapi? Nilikumbuka namna alivyokuwa akiendesha. Alikuwa na sheria yake: mama mwenye mtoto mgongoni anashukishwa mbele ya lango lake, si penye kona. Usiku, anangojea mpaka lango lifunguliwe. Miaka 31 ya kazi aliigeuza kuwa kazi ingine: kufikisha watu nyumbani wazima. Hiyo njo kitu cha kupyana.

Na motokari isiyoweza kusimama mbele ya msichana wa masomo, hata ikiwa na volani ile ile aliyoishika Baba, haikuwa inafanya tena kazi ya Baba.

4. "Mpya" yetu inatoka wapi?

Basi mtu atasema: mdogo wako alikuwa na haki, ungebadilisha tu. Ngoja kwanza. Hapa Lubumbashi, kubadilisha maana yake ni nini?

Wengi wetu hatununui motokari mpya. Tunanunua ile ambayo mwingine ameibadilisha. Katika Japani, motokari mpya inapita kontrole ya serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Kontrole ile ina bei yake, na kama kuna piesi zilizochoka lazima zibadilishwe. Motokari ikizeeka, wengi wanaona afadhali kuiachilia. Inapanda meli, inashuka Dar es Salaam ao Durban, inapita Zambia, inaingia Kasumbalesa. Volani iko kuume, kwa sababu Wajapani wanatembea kushoto mwa barabara, kama vile jirani zetu wa Zambia na Tanzania. Sisi tunatembea kuume. Kwa hiyo shofere wa kwetu akitaka kupita loli kwenye njia ya Likasi, haoni mbele, anamwuliza abiria aliyekaa kushoto: "Angalia, iko kitu?" Maisha ya watu wote wa ndani yanakaa katika macho ya mtu ambaye pengine hajawahi kushika volani.

Mwaka 2012 serikali ilitosha dekreti juu ya motokari za okazio, ikakataza zile zenye kupita miaka 10 zisiingie. Nia ilikuwa nzuri. Tangu wakati ule, mtu anayesimama robo saa tu kwenye barabara ya Kasumbalesa anaweza kujihesabia mwenyewe. Na si Kongo peke yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya mazingira, iliyotoka mwaka 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokari ndogo za okazio milioni 14 zilitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda inchi zingine, na Afrika njo ilipokea nyingi kupita mabara mengine.

Kuna jambo lingine la kuumiza roho. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika Kongo yetu, kwa sehemu kubwa katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Inaingia katika batri nyingi za motokari za umeme. Mtu wa Ulaya anaponunua ile motokari safi, ile yake ya mafuta inatafuta mnunuzi. Mawe yetu yanapanda na barabara ile ile ambayo motokari zao za zamani zinashuka nayo.

Sisemi haya kusudi tulie. Nasema kusudi tuone swali vizuri. Kwa mtu wa Lubumbashi, kuchagua si kati ya nzee na mpya. Ni kati ya nzee unayoijua na nzee usiyoijua. Ile ya kwako unajua inavuja wapi. Ile ya kuja imeoshwa, imepakwa rangi, pengine namba ya kilometa imerudishwa nyuma. Kwa hiyo kubadilisha peke yake hakumtakasi mtu.

5. Kutengeneza na kufunga-funga

Nyuma ya siku ile ya Kasapa nilirudi kwa fundi. Sikumgombeza. Yeye alinieleza ukweli wote, na mimi njo nilichagua. Nilimwuliza tu: "Fundi, kati ya kazi unazofanya, zipi ni kutengeneza na zipi si kutengeneza?" Alicheka kwanza, halafu akajibu vizuri kuliko kitabu: "Mwalimu, kutengeneza ni kama naweza kumupatia mutoto yangu aende nayo Likasi. Ile ingine ni kufunga-funga."

Ndugu msomaji, nimeona kwamba maneno yale mawili tunayachanganya, na kosa letu kubwa liko pale. Mafundi wetu ni watu wa kusifiwa. Tangu miaka ya 1990, kazi za kampani zilipoanguka na vitu kukosekana, wao walishika mji huu kwa mikono. Wanachonga piesi isiyopatikana, wanafufua moteri ambayo mahali pengine ingekwenda kwenye takataka. Hiyo ni akili, na ni heshima kwa kazi ya mtu aliyekiunda kile kitu. Lakini kwa kuzoea shida, tumefika kusifu vilevile kufunga-funga. Tunataja artikle 15, "jipange mwenyewe", kwa kucheka, na tunasahau kwamba mara nyingine anayelipa bei ya kujipanga kwangu ni mtu mwingine.

Kuna atakayenipinga, na ninamwelewa: "Mwalimu, unasema vile sababu una mshahara. Shofere wa taksi ana versement ya kupeleka kwa mwenye motokari kila jioni, na watoto watano. Akiacha motokari garajini siku mbili kwa ajili ya silendri, watoto watakula nini?"

Hilo si swali dogo, na sitalijibu kama mtu aliyeshiba. Nasema hivi: umaskini unanipa ruhusa ya mambo mengi. Naweza kutembea na motokari yenye rangi mbili, kioo kilichopasuka pembeni, kiti kilichoshonwa kwa uzi wa nailoni. Hayo yananihusu mimi. Umaskini unaweza hata kunipa ruhusa ya kuhatarisha maisha yangu mwenyewe, ingawa Mama hatakubali. Lakini hauwezi kunipa ruhusa ya kuchukua miguu ya mtoto wa mtu na kuifanya malipo ya silendri yangu. Yule msichana pia ni maskini. Anatembea kwa miguu. Hakuwa na motokari hata moja, nzuri ao mbaya, na alikuwa karibu kulipa bei ya ile yangu.

Tena, mzigo si wa shofere peke yake. Mwenye motokari anayedai versement kamili siku ambayo freni ni mbovu, naye ameweka mguu wake pale kwenye pedali.

Mimi nilifanya nini? Nilikwenda kwa waalimu wenzangu. Tulikuwa na likelemba, kila mwezi mmoja anapokea. Zamu yangu ilikuwa mbali, mwezi wa tano. Niliwaeleza mambo yote, pamoja na msichana. Mwenzangu mmoja wa hesabu aliniachia zamu yake. Tulibadilisha silendri zote za nyuma, tiyo, na plaketi za mbele. Motokari ikaketi siku nne garajini, mimi nikaenda masomoni kwa miguu. Hapo nilielewa kwamba mara nyingi tunasema "hakuna njia" mbele ya kuomba, kwa sababu kuomba kunatuletea haya, lakini kutembea na freni tatu hakutuletei haya.

6. Siku ya kuacha

Corolla iliendelea miaka mitatu, na iliendelea vizuri. Mwaka 2019 fundi wa kuunga vyuma aliniita niiname chini yake pamoja naye. Kutu ilikuwa imekula shasi, pale inaposhika mguu wa mbele. Alichomeka bisibisi, ikaingia kama katika mkate. Alisema anaweza kuweka bati juu na kupaka rangi nyeusi, hakuna mtu atajua. Nilimwuliza swali la fundi mwenzake: "Unaweza kumpa mtoto wako aende nayo Likasi?" Alinyamaza.

Basi tulikuwa tumefika kwenye siku ya mithali ya pili. Lakini tazama, swali lingine likatokea, lile ambalo watu hawalizungumzi: ukiacha motokari yako, inakwenda wapi?

Wanunuzi wawili walikuja. Mmoja alitaka kuifanya taksi ya kwenda Likasi, akatoa dolari 1,500. Mwingine alikuwa mtu wa kuuza piesi. Alitoa dolari 600, kusudi aikate. Mjomba alisema: "Sokoni, macho ni ya munuzi. Ulishaona mama wa tomati anasema tomati yake imeoza?" Ni desturi pia hiyo, tusidanganyane, na ina wafuasi wengi.

Nilimwonyesha mnunuzi wa kwanza tundu la bisibisi. Nilifikiri atakimbia. Hakukimbia. Alishuka mpaka dolari 900 na kusema: "Si neno, Mwalimu. Nitafunga bati." Hapo nilishikwa. Nilikuwa nimefanya haki kwake: anajua, anakubali, yeye ni mtu mzima. Lakini wale wanne watakaokaa nyuma yake kila safari, nani aliwaonyesha tundu? Ukweli niliousema ulifika kwa mtu mmoja tu, na hatari ilikuwa ya watu wengi.

Niliuza kwa dolari 600. Moteri, ambayo ilikuwa bado nzima, inatembea mahali fulani katika motokari ya mtu. Milango vilevile. Shasi ilikatwa mbele ya macho yangu.

Mdogo wangu hakunisemesha miezi miwili. Alikuwa na haki ya kukasirika: 300 hazikuwa zangu peke yangu, zilikuwa za jamaa, na mwaka ule mtoto wa dada yetu alikosa kulipiwa muhula mzima. Naandika hili kusudi mtu asifikiri kwamba kutenda haki hakuna bei, ao kwamba anayelipa ni yule aliyechagua peke yake. Hata leo, nikimwona yule mtoto, ninajiuliza. Lakini nikijiuliza mpaka mwisho, narudi pale pale: muhula uliopotea tuliweza kuurudisha mwaka uliofuata, na tuliurudisha.

Na Mama? Niliogopa zaidi kwake. Nilimweleza juu ya kupyana, kwamba mwili tunazika na kazi tunapokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na kitambaa cha kupangusa kioo kiko wapi?" Nilimpa. Miaka miwili nyuma, tulipopata motokari ingine, ya okazio pia, ya Japani pia, volani kuume pia, alikileta kimefuliwa, akakiweka mbele ya kioo. Hakusema neno.

7. Kwa kumalizia

Ndugu msomaji, sikuandika kusudi nikuambie "tengeneza" ao "badilisha". Hakuna anayeweza kukuambia hivyo bila kuinama chini ya motokari yako. Nimetaka tu kusema kwamba mbele ya kuhesabu falanga, kuna maswali matatu. La kwanza: hiki kitu kinaweza bado kufanya kazi yake, ao kinatembea tu? La pili: ninakitengeneza ao ninakifunga-funga? La tatu: nikikiacha, hatari yake inakwenda kwa nani?

Maswali haya hayakai garajini tu. Mwalimu aliyechoka, kiongozi aliyezeeka kazini, sheria ya zamani, hata desturi tunazozisifu katika kitabu hiki, vyote vinaweza kuulizwa vilevile. Kuna desturi ambazo tukibadilisha silendri zitatembea vizuri miaka mingine mia. Na kuna zingine ambazo bisibisi inaingia kama katika mkate, na sisi tunapaka rangi.

Motokari ninayoendesha leo inazeeka nayo. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, prime ya kwanza ikiingia, mbele sijanunua hata kitabu, ninapita kwa fundi. Anatosha magurudumu yote manne, anaangalia, na mimi naangalia pamoja naye.

Yule msichana sasa ni mama wa watoto. Tulikutana sokoni Njanja siku zilizopita. Alinisalimu vile vile: "Jambo, Mwalimu." Sijamwambia bado. Pengine atasoma hapa.